Baridi ya Kwenda Mpanda

Julai, saa kumi na moja alfajiri, mjomba huvaa jaketi nyuma mbele, zipu mgongoni, na kufunga mikono kwa mifuko ya nailoni kabla ya kuwasha pikipiki. Kipupwe cha Inyonga hakina theluji, lakini ukishashika mwendo vidole havijui tena breki iko wapi.

Nilikaa nyuma yake, nikitafuta moshi. Nyumba moja tu, tusimame tuote moto. Hakuna. Miombo mpaka macho yanachoka.

Zamani haikuwa hivi. Mwaka 1871 Stanley, akikwepa vita vya Mirambo, alipita Ukonongo kwenda Ujiji, na msafara wake ulipata chakula vijijini. Katika miaka ya 1920 malale yalienea magharibi mwa Tanganyika, na serikali ya Waingereza ikawahamisha watu na kuwakusanya kwenye makazi makubwa, mbali na mbung'o. Mashamba yaliyoachwa yakawa pori, na mbung'o wakastawi humo. Baadaye sehemu kubwa ikawa hifadhi ya misitu. Huenda watu wengi waliokolewa, hilo sibishi. Lakini nani aliulizwa?

"Mjomba, huku walikaa watu?"

"Walikaa. Mama yake bibi yako alihamishwa kutoka huku, bado mtoto." Akaonyesha kwa kidevu upande wa kushoto. Miti tu.

Mbele kidogo akasimama, akavua mifuko, akasogeza viganja karibu na injini. Nikachuchumaa upande wa pili, nami nikaota.