Mgombea wa Mto Sangamon

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia, huwauliza wanafunzi wangu swali moja: mtu ambaye hajawahi kushika madaraka apimwe kwa kipimo gani anapoomba kura kwa mara ya kwanza? Mimi mwenyewe jibu hulitafuta mbali, katika jimbo la Illinois, Marekani, mwaka 1832.

Machi mwaka huo, kijana wa miaka 23, karani wa duka katika kijiji cha New Salem, alitangaza kuwania kiti katika bunge la jimbo. Jina lake Abraham Lincoln. Hakuwa na mali wala jamaa wenye vyeo, na siku zake zote darasani hazikutimiza hata mwaka mmoja. Kijijini hapo alikuwa hajamaliza mwaka tangu ahamie.

Waraka wake kwa wananchi, uliochapishwa katika gazeti la Sangamo Journal, ulianza na shida iliyojulikana na kila mkulima: mazao hayakuwa na njia ya kufika sokoni. Wengi walitamani reli. Lincoln alikiri kwamba reli ni jambo jema, kisha akataja makadirio ya gharama yake, dola 290,000, akasema mzigo huo ni mkubwa mno. Badala yake alipendekeza Mto Sangamon usafishwe magogo na kunyooshwa ili vyombo vipite. Aliongeza hoja ya sheria ya kudhibiti riba za kinyonyaji, na nyingine ya elimu kwa wote. Mwishoni alikiri ujana wake, akaahidi kutovunjika moyo wakimkataa.

Walimkataa. Katika uchaguzi wa Agosti alishika nafasi ya 8 kati ya wagombea 13, na viti vilikuwa 4 tu. Hata hivyo, katika kituo cha New Salem alipata kura 277 kati ya 300. Wasiomjua walimpita, majirani zake, waliomwona kila siku, walimwamini.

Je, maono yake yalikuwa sahihi? La hasha. Majira hayo hayo ya mwaka 1832 meli ya mvuke, Talisman, ilipanda mto huo kwa shangwe. Maji yalipopungua ikalazimika kurudi, na sehemu ya bwawa la New Salem ikabomolewa ili ipite. Mto haukuwa kamwe njia ya biashara, na kufikia mwaka 1840 kijiji kilikuwa kimehamwa. Lakini ahadi hiyo ilikuwa na mipaka. Wananchi waliweza kuipima na kuikosoa.

Funzo zito zaidi lilikuja baadaye. Lincoln alishinda mwaka 1834, na mwaka 1837 alikuwa miongoni mwa wabunge walioipigania sheria ya kutumia takriban dola milioni 10 kwa reli, barabara na mito. Mwaka huo huo uchumi wa nchi ukaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 jimbo lilishindwa kulipa hata riba ya deni lake. Yule aliyeiogopa gharama ya reli moja alipokuwa mtu wa kawaida, aliidhinisha reli za jimbo zima alipopata kiti.

Msomaji wangu, simsimulii Lincoln ili kumshusha hadhi. Historia imekwisha kumpa nafasi yake. Ninachosema ni kwamba mgombea mpya tumwulize mambo matatu: ni shida ipi hasa ya watu wetu anayotaka kuitatua, itagharimu kiasi gani, na nani atalipa. Akishachaguliwa, tumwulize tena maswali yale yale, maana hapo ndipo husahaulika. Wahenga walisema ahadi ni deni. Kule Illinois deni hilo lilikuwa la dola, na waliolilipa ni wananchi.