Malango ya Witwatersrand

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 14 Oktoba 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, waliketi chini malangoni pa chuo chao, magari yasiingie wala yasitoke, kwani walikwisha kupata habari kwamba ada ya mwaka uliofuata ingezidi kwa asilimia 10.5. Asiyeijua Afrika Kusini angedhani ni ugomvi wa hesabu. Kumbe deni lenyewe lilikuwa la tangu mwaka 1955, pale Kliptown, Mkataba wa Uhuru wa wapinzani wa ubaguzi wa rangi ulipoahidi kwamba elimu ya juu itakuwa wazi kwa wote kwa msaada wa dola.

Mfuko wa serikali uliwakopesha watoto wa mafakiri, ambao pato la nyumba zao halikupita takriban randi 122,000 kwa mwaka, matajiri walijilipia, bali mtoto wa muuguzi au wa mwalimu, ambaye mshahara wa mzazi wake uliuruka mpaka ule kwa kiasi kidogo tu, hakuwa na pa kushika. Kwa rai yangu, dhuluma kubwa ilikuwa hapo.

Ijumaa usiku makamu wa mkuu wa chuo, Profesa Adam Habib, aliwaendea wanafunzi katika jengo ambalo wao waliliita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979; akaketi sakafuni kati yao, akakesha akisailiwa. Miongoni mwa viongozi wao walikuwa wasichana wawili, Shaeera Kalla na Nompendulo Mkhatshwa. Wala hawakujitetea nafsi zao pekee: walidai pia kwamba wafagiaji, waliokuwa chini ya mawakala kwa ujira hafifu, waajiriwe na chuo chenyewe, na chuo kikaridhia.

Mgomo ukaenea hadi vyuo vingine, na tarehe 21 wanafunzi waliyasukuma malango ya Bunge, Cape Town, wakapigwa mabomu ya machozi. Tarehe 23, maelfu wakingoja nje ya ikulu ya Pretoria, Rais Jacob Zuma akatangaza kwamba ada ya 2016 haitazidi hata senti. Mwaka mmoja baadaye, mapambano yaliporejea, Kalla alipigwa na polisi risasi za mpira.

Desemba 2017 Zuma aliahidi elimu ya bure kwa nyumba zenye pato lisilozidi randi 350,000. Madeni ya nyuma, hata hivyo, hayakufutwa, na Machi 2021 wanafunzi waliozuiliwa kujiandikisha kwa ajili ya madeni hayo waliingia tena katika njia za Braamfontein, mtaa wa Johannesburg ulio kando ya chuo hicho, ambako polisi walifyatua risasi za mpira, na mpita njia aliyekuwa akitoka zahanati akauawa.