Haki ya Mshindani na Haki ya Sehemu: Historia ya Kanuni Mbili na Istilahi Zake

Mfasiri wa habari za michezo ya kimataifa na mfasiri wa sheria za uchaguzi hukutana katika neno moja, nalo ni haki. Wa kwanza huulizwa kama mwanajimnastiki fulani alitendewa haki katika mashindano. Wa pili huulizwa kama ni haki mtu kuteuliwa mgombea mwenza kwa sababu ya sehemu anayotoka. Wote wawili huandika haki, na msomaji hudhani kwamba jambo linalosemwa ni moja. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba mambo hayo ni mawili, na kwamba lugha yetu ina maneno ya kutosha kuyatenganisha.

Uadilifu wa alama

Katika riadha mshindi huonekana kwenye utepe, na katika kandanda huonekana kwa mabao. Jimnastiki haina utepe wala bao. Mshindi hupatikana kwa macho ya waamuzi, na kwa hiyo historia ya mchezo huu ni historia ya jitihada za kuyafunga macho hayo kwa kanuni. Kanuni za kwanza za kimataifa za utoaji wa alama zilitolewa mwaka 1949. Kwa miaka mingi alama ya juu kabisa ilikuwa 10. Tarehe 18 Julai 1976, mjini Montreal, Nadia Comăneci wa Romania, aliyekuwa na umri wa miaka 14, alipewa alama hiyo, na ubao wa matokeo ukaandika 1.00 kwa kuwa haukutengenezwa kuonyesha tarakimu nne.

Udhaifu wa utaratibu huo ulidhihirika Athens mwaka 2004. Yang Tae-young wa Korea Kusini alifanya zoezi la vyuma viwili sambamba ambalo thamani yake ya kuanzia ilipaswa kuwa 10, lakini waamuzi waliihesabu kuwa 9.9. Alimaliza wa tatu, na pengo kati yake na mshindi, Paul Hamm wa Marekani, lilikuwa dogo kuliko sehemu hiyo moja ya kumi aliyonyimwa. Waamuzi watatu walisimamishwa. Hata hivyo rufani ya Yang ilikataliwa Oktoba mwaka huo, na medali hazikubadilishwa. Mwaka 2006 kanuni mpya zilianza kutumika: alama ya ugumu wa zoezi ikatengwa na alama ya utekelezaji wake, na kikomo cha 10 kikaondolewa.

Jambo lililokuwa likitafutwa katika mabadiliko hayo yote ni kila mtu kupewa alama inayolingana na alichokifanya, pasipo kutazama jina lake wala bendera yake. Jambo hilo kwa Kiswahili ni uadilifu. Mwamuzi mwadilifu hampunguzii mtu wala hamwongezei.

Kanuni ya nafasi kwa nchi

Lakini katika mchezo huo huo kuna kanuni nyingine inayotazama bendera kwa makusudi. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1972 mjini Munich, Wajapani walichukua medali zote tatu za wanaume katika mashindano ya jumla, na wakafanya vivyo hivyo katika vyuma sambamba na katika chuma kimoja cha juu. Mwaka 1976 idadi iliwekewa mpaka: nchi moja haikuweza kuingiza zaidi ya watu watatu katika fainali ya jumla, wala zaidi ya wawili katika fainali ya kifaa kimoja kimoja. Mwaka 2000 mjini Sydney, wasichana watatu wa Romania walimaliza wa kwanza, wa pili na wa tatu katika fainali ya jumla, kabla ya yule wa kwanza kunyang'anywa medali kwa sababu ya dawa aliyopewa na daktari wa timu. Kufikia Michezo ya mwaka 2004 mpaka wa fainali ya jumla ulikuwa umeshushwa kutoka watatu hadi wawili.

Matokeo ya kanuni hii yalionekana wazi London mwaka 2012. Jordyn Wieber wa Marekani, bingwa wa dunia wa mwaka 2011, alipata alama 60.032 katika mchujo akawa wa nne kati ya washindani wote. Fainali ilikuwa na nafasi 24. Hata hivyo hakuingia, kwa kuwa Wamarekani wenzake wawili, Aly Raisman na Gabby Douglas, walikuwa wa pili na wa tatu. Douglas ndiye aliyeshinda fainali ile. Miaka minne baadaye, mjini Rio de Janeiro, Douglas huyo huyo alikuwa wa tatu katika mchujo, nyuma ya Simone Biles na Raisman. Naye hakuruhusiwa kuutetea ubingwa wake.

Hakuna mwamuzi aliyewadhulumu Wieber na Douglas. Alama zao zilihesabiwa sawasawa. Kilichowazuia ni kanuni iliyowekwa ili fainali isiwe mali ya nchi moja au mbili, na ili nchi changa katika mchezo huu nazo zipate pa kusimama. Kwa maneno mengine, daraja lao lilikuwa lao wenyewe, bali nafasi ilikuwa ya nchi.

Ushahidi kwamba nafasi ni ya nchi ulitolewa Barcelona mwaka 1992. Tatiana Gutsu alianguka kwenye boriti katika mashindano ya timu akawa wa nne katika kikosi chake, kilichoundwa na zilizokuwa jamhuri za Kisovyeti, na wakati huo nafasi zilikuwa tatu. Viongozi wa timu walimwondoa Roza Galieva, aliyestahili nafasi ya tatu, kwa maelezo kwamba ameumia, wakamwingiza Gutsu. Gutsu alitwaa medali ya dhahabu. Hapa viongozi hawakutoa alama. Walifanya uteuzi, na uteuzi ndio unaotuleta kwenye siasa.

Kiti cha pili cha nchi

Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 ilikifanya kiti cha Makamu wa Rais kuwa cha daraja. Aliyepata kura nyingi alikuwa Rais, na aliyemfuata alikuwa Makamu. Mwaka 1796 utaratibu huo ulimpa John Adams makamu aliyekuwa mpinzani wake, Thomas Jefferson, nao wahenga walikwisha kutuambia kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1800 Jefferson na Aaron Burr, waliokuwa wa chama kimoja, walifungana kwa kura 73 kila mmoja, na Baraza la Wawakilishi likalazimika kupiga kura mara 36 ndipo Jefferson akapatikana kuwa Rais. Kwa sababu hiyo marekebisho ya mwaka 1804 yaliagiza kwamba kila kiti kipigiwe kura yake. Tangu hapo kiti cha pili kiliacha kuwa tuzo ya mshindi wa pili, kikawa cha mtu anayechaguliwa ili alingane na mwenzake kwa jimbo, kwa rika au kwa mrengo wa chama.

Katiba hiyo ilibakiza pia kanuni inayofanana sana na ile ya jimnastiki: wajumbe wa jimbo moja wanaompigia Rais kura hawawezi kuwapigia Rais na Makamu wote wawili ikiwa wote ni wakazi wa jimbo lao. Ndiyo sababu mwaka 2000 Dick Cheney alihamisha uandikishaji wake wa kupiga kura kutoka Texas, alikoishi mgombea urais George W. Bush, akaurudisha Wyoming.

Kwetu Tanzania jambo hili lilianza na Muungano wenyewe. Mwaka 1964 Julius Nyerere alikuwa Rais, Abeid Amani Karume wa Zanzibar akawa Makamu wa Kwanza, na Rashidi Kawawa akawa Makamu wa Pili. Mwaka 1985, Rais alipotoka Zanzibar, yaani Ali Hassan Mwinyi, Umakamu wa Kwanza ulishikwa na Waziri Mkuu Joseph Warioba wa Bara. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, ilionekana kwamba Rais wa Zanzibar angeweza kuwa wa chama kingine na bado akawa Makamu wa Rais wa Muungano kwa wadhifa wake. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 1994 yaliamua kwamba Makamu apendekezwe na chama kile kile, apigiwe kura pamoja na mgombea urais, na atoke katika sehemu ya pili ya Muungano. Utaratibu huo ulitumika mara ya kwanza mwaka 1995, Benjamin Mkapa aliposimama pamoja na Dkt. Omar Ali Juma.

Kenya, katika Katiba yake ya mwaka 2010, nayo ilimtaka kila mgombea urais ateue mtu wa kuwa Naibu Rais, lakini haikutaja sehemu. Huko kulinganisha maeneo kumeachiwa busara ya wagombea na hesabu zao za kura. Kwa hiyo jambo ambalo Tanzania ni sharti la Katiba, Kenya ni desturi ya siasa, na mfasiri hana budi kuiona tofauti hiyo.

Neno mgombea mwenza

Waingereza na Wamarekani wana jina la kiti hiki lililotoka katika mbio za farasi. Asili yake ni farasi aliyeingizwa mbioni ili kumwongozea mwendo farasi mwingine wa banda lile lile. Farasi huyo hakukusudiwa kushinda. Kiswahili hakikuchukua picha hiyo. Kilichukua mgombea, kikaongeza mwenza.

Mwenza ni neno lenye uzito. Mwenza ni mshiriki wa jambo lile lile kwa hadhi ile ile, nasi twaliona katika mke mwenza na katika ukewenza, ambamo ushirika na ushindani hukaa nyumba moja. Makamu na naibu, maneno yenye asili ya Kiarabu, humtaja mtu anayesimama mahali pa mwingine. Mwenza humtaja anayesimama kando yake. Hivyo basi mgombea mwenza ni istilahi ya muda wa uchaguzi. Kura zikishahesabiwa mtu huyo si mwenza tena, ni Makamu au Naibu, na magazeti yanayoendelea kumwita mgombea mwenza baada ya kuapishwa yanakosea.

Uzito wa neno hili ulipimwa mwaka 2021. Rais John Magufuli alifariki dunia tarehe 17 Machi, na tarehe 19 Machi Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa mgombea mwenza wake mwaka 2015 na 2020, aliapishwa kuwa Rais. Tarehe 31 Machi Dkt. Philip Mpango wa Bara aliapishwa kuwa Makamu, na uwiano wa sehemu mbili ukahifadhiwa hata pasipo uchaguzi. Wale waliozoea kusema kwamba mgombea mwenza amebebwa, au amewekwa kujaza nafasi, walipaswa kujiuliza kama walikuwa wameielewa istilahi waliyokuwa wakiitumia. Wananchi walikuwa wamewapigia kura watu wawili, wala hawakumpigia kura mmoja na mzigo wake.

Mapendekezo

Kutokana na historia hiyo tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, pale panapozungumzwa mtu kupewa alama au kura anazostahili, litumike neno uadilifu, au haki ya mshindani. Yang alikosa uadilifu wa alama. Wieber hakuukosa.

Pili, pale panapozungumzwa nafasi kugawanywa kwa nchi, majimbo au sehemu, litumike neno uwiano, au haki ya sehemu. Uwiano una gharama, na gharama hiyo hulipwa na mtu mmoja mwenye jina lake. Mwandishi asiifiche kwa kuandika kwamba Wieber alishindwa au alitolewa na wapinzani. Aandike kwamba aliachwa nje kwa kanuni ya nafasi. Kadhalika, anayeteuliwa kwa sharti la uwiano asiandikwe kuwa amependelewa, kwa maana upendeleo ni kuvunja kanuni, naye ameteuliwa kwa kuifuata.

Tatu, kitenzi kutoka kitumiwe kwa hadhari. Mwinyi alizaliwa Kivure, mkoani Pwani, akakulia Zanzibar. Cheney alitoka Texas au Wyoming kwa tarehe ya kujiandikisha. Oksana Chusovitina ameshindana Olimpiki chini ya bendera ya Ujerumani na pia ya Uzbekistani. Katika sheria na kanuni ni bora kuandika kama maana inayokusudiwa ni kuzaliwa, kuwa mkazi au kuwa raia.

Huenda ikasemwa kwamba haya ni mambo madogo ya maneno. Lakini mwalimu anayewafundisha wanafunzi kwamba haki ni moja tu atawafanya waione kila kanuni ya uwiano kuwa dhuluma, au waione kila dhuluma kuwa uwiano. Kosa la kwanza huivunja nyumba ya watu wengi, na la pili humnyima mtu kilicho chake. Mfasiri anayeandika uadilifu mahali pake na uwiano mahali pake atakuwa amewapa wasomaji wake uwezo wa kuuliza swali sahihi: aliyeachwa nje amenyimwa alama yake, au amekosa nafasi tu?