Kompyuta Inapogoma Kuwaka Huku Diski ya Nje Imechomekwa

Kompyuta iliyozimwa jana ikiwa nzima huweza kuwashwa leo ikatoa kioo cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi meupe: hakuna mfumo, au faili fulani haipo, au ondoa diski kisha bonyeza kitufe chochote. Wengi hukata shauri hapo hapo kwamba mashine imekufa. Huipeleka kwa fundi, na fundi mwenye haraka huamua "kuipiga Windows" upya, na kwa uamuzi huo hesabu za duka, tasnifu ya mwanafunzi na picha za harusi huweza kupotea kwa siku moja. Ilhali mara nyingi diski ya ndani haina kasoro yoyote. Kilichokwamisha safari ni flashi au diski ya nje iliyosahauliwa ubavuni mwa mashine.

Hatua ya kwanza, basi, haihitaji utaalamu. Kompyuta izimwe kabisa kwa kushikilia kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde 10, kisha kiondolewe kila kilichochomekwa: flashi, diski ya nje, kadi ya kumbukumbu, hata simu iliyokuwa ikichajiwa. Ikiwashwa tena ikaingia kama kawaida, chanzo kimekwisha kujulikana, na kilichobaki ni kukizuia kisirudi.

Mashine hutafuta wapi?

Inapopata umeme, kompyuta haijui Windows wala Linux. Huanza na programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mama. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa nayo, ikiitwa BIOS; katika mashine za karibuni nafasi yake imechukuliwa na UEFI. Programu hiyo hukagua vifaa, halafu hupitia orodha ya mahali pa kutafuta mfumo endeshi, kimoja baada ya kingine. Orodha hupangwa kiwandani, lakini mwenye mashine anaweza kuibadilisha. Ikiwa vifaa vya USB vimewekwa juu ya diski ya ndani, flashi iliyochomekwa ndiyo huulizwa kwanza.

Katika utaratibu wa zamani, BIOS husoma baiti 512 za mwanzo wa diski na kuzitazama mbili za mwisho. Ikikuta humo alama ya 55 na AA, huamini kwamba mahali hapo panafaa na kukabidhi uongozi. Tatizo ni kwamba alama hiyo haithibitishi kuwepo kwa mfumo endeshi. Flashi iliyoumbizwa kwa Windows ili kubebea nyaraka tu huwa nayo pia, pamoja na programu fupi mno ambayo kazi yake ni kutafuta faili ya kuamsha mfumo, na ikiikosa, kuandika ujumbe na kusimama. Hapo kompyuta imekwisha kukabidhi madaraka, na kwa kawaida hairudi kuuliza diski inayofuata. Ndiyo maana flashi isiyo na mfumo wowote huweza kuizuia mashine yenye mfumo kamili ndani yake.

Ujumbe wenyewe husaidia kumtambua mhusika. Maneno "NTLDR is missing" hutaja faili iliyotumiwa na Windows XP na matoleo yaliyoitangulia katika ukoo huo. Tangu Windows Vista faili inayotafutwa huitwa BOOTMGR. Kwa hiyo kompyuta yenye Windows 10 ikilalamikia NTLDR, lalamiko hilo halikutoka kwenye mfumo wake wa sasa. Karibu kila mara limeandikwa na flashi ya zamani iliyochomekwa. Fundi asiyelijua hili huenda akatengeneza kitu kisichoharibika.

UEFI ina busara zaidi. Yenyewe hutafuta faili maalumu katika folda inayojulikana, na flashi isiyokuwa nayo hurukwa. Flashi ya picha na barua, kwa hiyo, ni nadra kuikwamisha mashine mpya. Ile iliyowahi kutumiwa kusakinisha Windows au Linux ni jambo jingine: faili hiyo imo, na mashine ikiipata itaifuata. Zipo pia kompyuta zinazoganda kwenye nembo ya mtengenezaji kwa sababu tu diski ya nje ni mbovu na haijibu inapoulizwa.

Kupanga orodha upya

Dawa ya kudumu ni kuiweka diski ya ndani mwanzo wa orodha. Ukurasa wa mipangilio hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe mara tu mashine inapowaka, na kitufe hicho hutofautiana: mara nyingi ni F2 au Del. Kwa kuchagua diski kwa mara moja tu bila kubadili mpangilio, Dell na Lenovo nyingi hutumia F12, HP nyingi F9. Anayehitaji kuwasha kwa flashi mara chache atumie njia hii ya pili, aiache orodha ilivyo.

Kabla ya kugusa mipangilio hiyo, kuna tahadhari moja ambayo haifai kupuuzwa. Kompyuta nyingi za Windows za siku hizi hufungwa kwa BitLocker, wakati mwingine bila mwenyewe kujua. Orodha ikibadilishwa, mashine huweza kuushuku mwamsho wake na kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Autafute na kuuandika kwanza. Dai hilo likitokea baada ya kuchomeka diski au kubadili orodha, kuzima, kuondoa diski na kurudisha orodha ya awali huweza kutosha.

Iwapo orodha hurudi ilivyokuwa kila baada ya umeme kukatika, na saa ya kompyuta inaonyesha mwaka usio wake, mtu atazame betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, aghalabu ya aina ya CR2032. Ikiisha nguvu, mashine husahau mipangilio na kurejea ya kiwandani. Betri hiyo ni ya bei nafuu kuliko kazi yoyote atakayoitaja fundi.

Mashine isiyowaka bila diski ya nje

Kisa kingine ni kinyume cha hicho: kompyuta huwaka diski ya nje ikiwepo na hugoma ikiondolewa, ikionyesha maneno "grub rescue" au kulalamika kwamba kifaa hakipo. Huwapata wanaoijaribu Linux kwenye diski ya nje. Wakati wa kusakinisha, kipande cha kwanza cha programu ya kuamsha mfumo, iitwayo GRUB, huandikwa kwenye diski ya ndani, ilhali sehemu yake iliyobaki imo kwenye diski ya nje. Diski hiyo ikiondoka, kipande cha kwanza hubaki kikimtafuta mwenzake.

Katika mashine ya UEFI mara nyingi inatosha kufungua orodha ya kuwashia na kuichagua "Windows Boot Manager", kisha kuipandisha juu. Katika mashine ya BIOS hutumiwa flashi ya kusakinishia Windows, ambayo ndani ya sehemu yake ya matengenezo amri "bootrec /fixmbr" huandika upya mwanzo wa diski. Kwa mwenye Linux ndani, amri ni "grub-install". Amri hizi zote huandika juu ya diski, hivyo diski nyingine zisizohitajika ziondolewe kwanza. Kosa la herufi moja kati ya sda na sdb limewagharimu wengi. Herufi hizo zenyewe hazitegemeki, kwa kuwa Linux huweza kuzigawa upya diski ya nje inapokuwepo. Ni salama zaidi faili ya /etc/fstab itaje kitambulisho cha kudumu cha kila sehemu, ambacho amri "blkid" hukionyesha.

Hata watengenezaji wakubwa wamewahi kukwazwa na jambo la jamaa hiyo. Mwaka 2019 Microsoft ilizuia toleo la mwezi Mei la Windows 10 lisiingie katika kompyuta zilizokuwa na kifaa cha USB au kadi ya kumbukumbu, kwa hofu kwamba herufi za diski zingechanganywa wakati wa kusasisha. Ushauri wake ulikuwa kukiondoa kifaa na kuanza upya.

Mlango wa virusi

Kuiacha diski ya nje itangulie kuna hatari nyingine, na si mpya. Kirusi cha Brain, kilichotokea Pakistan mwaka 1986, kilijificha katika sehemu ya mwanzo ya diski laini. Kile cha Michelangelo, kilichogunduliwa mwaka 1991, kiliingia kompyuta ilipowashwa huku diski laini yenye kirusi imesahauliwa ndani, na kiliandika juu ya data tarehe 6 Machi. Flashi zinazopita mikono mingi katika maduka ya uchapaji zinastahili shaka hiyo hiyo.

Ikiwa vyote vimeondolewa na mashine bado haiwaki, ukurasa wa mipangilio utazamwe kama unaitaja diski ya ndani. Isipotajwa, huenda kebo imelegea au diski imekufa. Ikitajwa, kuna matumaini makubwa kwamba mafaili yapo, na yanaweza kunakiliwa kwa kuwasha kompyuta kwa flashi ya Linux au kwa kuiunganisha diski hiyo na kompyuta nyingine, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kuifuta. Diski inayotoa mlio wa kugongagonga izimwe mara moja na isijaribiwe tena nyumbani, kwa sababu kila inapozunguka huweza kukwaruza kilichosalia.