Pektini: ute wa ukwaju uliojenga viwanda

Mwaka 1790 mkemia kijana wa Ufaransa, Louis-Nicolas Vauquelin, alikuwa akichunguza ukwaju. Enzi hizo maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza ukwaju kama dawa ya kulainisha tumbo, naye alitaka kujua ndani yake mna nini. Pamoja na ukali na utamu, alikuta kitu cha ute chenye tabia ya kuganda. Mpishi yeyote wa pwani aliyewahi kuloweka ukwaju anaufahamu ute huo, kwa kuwa ndio unaoyapa maji ya ukwaju uzito hata baada ya kuchujwa. Dunia inamkumbuka Vauquelin zaidi kwa kugundua metali ya kromiamu, lakini kwangu ukwaju wake nao unastahili kutajwa, maana ndipo historia ya kisayansi ya pektini ilipoanzia.

Jina lenyewe lilikuja mwaka 1825. Henri Braconnot, aliyesimamia bustani ya mimea katika mji wa Nancy, alikuwa mtu wa kuhangaika na vitu ambavyo wenzake walivipita. Miaka sita kabla ya hapo alitumia asidi kali kutoa sukari kwenye matambara ya kitani. Safari hii alitangaza kwamba amepata asidi mpya iliyoenea katika mimea yote, inayogandisha maji, akaiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kuganda. Alikuwa sahihi kuhusu kuenea kwake. Karibu kila mmea wa nchi kavu una pektini, kuanzia karoti hadi mgomba.

Kazi yake ndani ya mmea ni kushikanisha. Seli za mmea zimepangana ukuta kwa ukuta, na katikati ya kuta hizo kuna tabaka jembamba la pektini linalozifunga pamoja, kama chokaa inavyoshika mawe ya nyumba kongwe za Unguja. Kalsiamu, ambayo ndiyo hasa imo katika chokaa, imo humo pia, nayo huunganisha mnyororo mmoja wa pektini na mwingine. Tunda bichi ni gumu kwa sababu kifungo hicho bado ni kizima. Likianza kuiva, vimeng'enya vyake lenyewe huanza kukikata, na tunda hulainika. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa mimea Louis Mangin alipata rangi nyekundu inayotokana na metali ya rutheniamu, ambayo hupaka pektini, na kwa darubini tabaka hilo likaonekana waziwazi.

Watu wameiendea pektini kwa njia mbili zinazopingana: wapo wanaotaka igande, na wapo wanaotaka ivunjike. Nadhani hatuwezi kuielewa historia yake tukifuata kundi moja tu.

Walioanza kupata fedha ni wa jamu. Wapika jamu wa Ulaya walijua kwa uzoefu kwamba matufaha na malimau hugandisha vizuri, stroberi hazigandishi, na tunda lililoiva kupita kiasi huharibu chungu kizima. Sababu iko kwenye kipimo: pektini ya kawaida huganda panapokuwa na ukali wa kutosha na sukari nyingi, zaidi ya nusu ya uzito wa jamu. Ikipungua pektini yenyewe, hata upike mchana kutwa utaambulia sharubati. Mwaka 1908 watengenezaji wa juisi ya matufaha nchini Ujerumani walianza kupika machicha yaliyobaki baada ya kukamua, wakapata pektini ya maji ya kuuza. Mwaka 1913 Robert Douglas alipata hataza ya njia yake huko Marekani, na pektini yake ya chupa, Certo, ikaingia majikoni.

Hapo ndipo takataka ikageuka mali. Leo pektini nyingi ya viwandani hutoka kwenye maganda ya malimau, ndimu na machungwa, na sehemu nyingine kwenye machicha ya matufaha. Mtazame muuza machungwa wa mitaani Dar es Salaam: kwa kisu chake huvua ganda la kijani kwa ukanda mwembamba usiokatika, akaacha ule weupe laini umelizunguka chungwa. Mnunuzi anafyonza maji, kisha anatupa weupe ule pamoja na makapi. Weupe huo ndio mali yenyewe. Ganda la chungwa au limau likikaushwa, karibu robo ya uzito wake yaweza kuwa pektini.

Kuna jengo moja ambalo pektini imeliachia historia nzito. Mwaka 1933, Otto Frank, Myahudi wa Frankfurt, alikimbia utawala wa Hitler akahamia Amsterdam, akafungua tawi la Opekta, kampuni ya Kijerumani iliyouza pektini kwa akina mama wanaopika jamu nyumbani. Miep Gies alipoomba kazi pale, jambo la kwanza alilopewa ni kukaa jikoni kupika jamu, mpaka aijue bidhaa na aweze kuwajibu wateja ambao jamu zao zimegoma kuganda. Biashara hiyo ilitegemea msimu wa matunda, hivyo mwaka 1938 Frank akaongeza kampuni ya viungo vya nyama, Pectacon. Mwishoni mwa mwaka 1940 ofisi zilihamia Prinsengracht namba 263.

Wanazi walipoikalia Uholanzi, umiliki wa biashara ulihamishiwa kwenye majina ya wenzake wasio Wayahudi ili isitaifishwe. Julai 1942 familia ya Frank iliingia mafichoni katika sehemu ya nyuma ya jengo hilohilo, baadaye wakawa watu wanane. Chini yao kazi ya ghala iliendelea, na mchana walilazimika kutembea kwa kunyata wafanyakazi wasiwasikie. Mapato ya biashara yalisaidia kuwalisha, na wafanyakazi wachache wa ofisini, Miep akiwa mmoja wao, waliwapelekea chakula kwa kuhatarisha maisha yao. Walikamatwa tarehe 4 Agosti 1944. Kati ya wanane, Otto peke yake ndiye aliyenusurika, na mwaka 1947 akachapisha shajara ya binti yake Anne. Mamilioni wameisoma shajara hiyo. Naona ni haki kukumbuka pia kwamba paa lililowaficha kwa miaka miwili lilikuwa la ofisi ya kuuza pektini.

Maabara nazo hazikulala. Mwaka 1917 Felix Ehrlich wa Ujerumani aligundua kwamba pektini imejengwa kwa asidi ya galakturoniki, na baadaye ikathibitika kuwa ni mnyororo mrefu wa asidi hiyo. Baada ya hapo wataalamu waliweza kuibadili: wakaipata pektini inayoganda kwa kalsiamu bila kuhitaji sukari nyingi, inayowafaa watengeneza jamu za sukari kidogo. Pektini huzuia maziwa yenye ukali kukatika ndani ya pakiti, na ukisoma E440 kwenye lebo, ndiyo hiyo. Kwa miaka mingi ilichanganywa na udongo wa kaolini kuwa dawa ya kuhara.

Sasa wale wa kuvunja. Kwenye fukwe za mashariki mwa Unguja, wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye matope ya bahari, wakayaacha kwa miezi. Bakteria wa humo hula pektini inayoshikilia nyuzi. Yakifukuliwa hupigwa kwa gongo mpaka usumba uachane, tayari kwa kusokotwa kamba. Huo ni utaalamu kamili wa pektini, na haukumngoja Braconnot. Kwenye kahawa ya Kilimanjaro ni vivyo hivyo: buni ikishamenywa hubaki na utelezi uliojaa pektini, nayo huachwa kwenye tangi ichachuke. Mfanyakazi huchota kiganja na kuzisugua punje. Zikikwaruzana kama changarawe, utelezi umekwisha na kahawa iko tayari kuoshwa.

Mwaka 1994 wanasayansi wa Calgene, Marekani, waliingiza sokoni nyanya ya Flavr Savr, waliyokuwa wamezima ndani yake jeni la kimeng'enya kinachokata pektini. Walitarajia nyanya inayoiva bila kulainika upesi. Haikuchukua miaka mingi ikaondoka sokoni, kwa kuwa gharama zilikuwa kubwa na zao bado lilipondeka njiani. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walizima kimeng'enya kingine cha pektini, na nyanya ikabaki ngumu kwa muda mrefu zaidi bila kupoteza rangi wala ladha. Nyanya za Ilula mkoani Iringa husafiri hadi Dar es Salaam zikiwa zimejazwa kwenye matenga, na za chini hufika zimepasuka, hasara ikimwangukia mkulima. Kati ya kazi zote zinazofanywa juu ya pektini leo, hiyo ya nyanya ndiyo ninayoisubiri kwa hamu kubwa kuliko zote.