Mario Hakuiba Kitu

Wasee wengi waliocheza Wario Land hadi mwisho wana kisirani na Mario. Umezunguka kisiwa kizima ukipigana na maharamia, umemshinda Captain Syrup, ngome yake imelipuka, na sanamu ya dhahabu ya Princess Toadstool iko hapo mbele yako. Halafu inatokea helikopta. Ni Mario. Anaibeba sanamu, anaenda zake. Wario anabaki amesimama kama mtu aliyeachwa na matatu ya mwisho.

Mimi nataka kumtetea Mario. Nitapitia njia ndefu kidogo, juu hii story haianzi na Wario.

Rudi 1982. David Crane wa Activision anatoa Pitfall!, gemu ya Atari ambayo wengi wanaihesabu kati ya mababu wa gemu zote za kuruka-ruka. Jamaa anaitwa Harry, yuko ndani ya msitu, ana dakika 20 za kukusanya hazina 32: dhahabu, fedha, pete za almasi, mifuko ya pesa. Anaruka vichwa vya mamba, ananing'inia kwa kamba, anaokota. Hakuna anayemuuliza kitu. Msitu umejaa dhahabu na hauna mwenyewe! Indiana Jones alikuwa ameingia sinema mwaka mmoja kabla, 1981, na hiyo ndiyo ilikuwa hewa ya wakati huo: mtu anatoka mbali, anaingia mahali, anachukua, anatoka. Lara Croft alipokuja na Tomb Raider 1996, mpango ulikuwa ule ule, ila sasa kwa 3D.

Ukikulia Kibirichia, huku mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, hiyo picha ya msitu bila wenyewe inakuchekesha. Hapa ukionekana unaingia msituni kutafuta kuni tu utaulizwa kibali, na kabla ya kibali utaulizwa wewe ni mtoto wa nani.

Sasa Wario. Alianza 1992 kama adui kwenye Super Mario Land 2, amemnyang'anya Mario ngome, akapigwa, akafukuzwa. Mwaka 1994 Nintendo wakampa gemu yake mwenyewe kwenye Game Boy. Ilitengenezwa na timu iliyoitwa R&D1, na Gunpei Yokoi, mzee aliyebuni Game Boy yenyewe, ndiye aliyeisimamia. Timu hiyo hiyo ilikuwa nyuma ya Metroid ya 1986, ambayo mwisho wake ulibadilika kulingana na haraka yako: ukimaliza mapema unaonyeshwa kwamba shujaa ndani ya lile vazi la chuma ni mwanamke. Kwa hivyo mwisho zaidi ya mmoja hawakuubuni kwa Wario. Walichobadilisha ni kipimo. Metroid inakupima kwa saa. Wario Land inakupima kwa pesa.

Na inakupima bila aibu, hiyo ndiyo naipendea. Wario haokoi mtu. Anataka ngome kubwa kuliko ya Mario, na amesikia maharamia wana sanamu ya dhahabu inayoweza kumlipia. Basi. Anatembea akigonga watu kwa bega. Ana kofia za nguvu, moja inatema moto. Hata mlango wa kutoka kwenye hatua unataka sarafu, yaani hata kumaliza kunalipiwa. Ukishatoka unapewa mchezo wa ndoo mbili: vuta kamba, moja inazidisha pesa zako mara mbili, nyingine inazikata nusu. Mtu yeyote aliyewahi kupoteza nauli kwa kamari ya simu ataujua huo mkono unaotetemeka.

Halafu kuna hazina 15 zilizofichwa. Lazima upate ufunguo, uubebe hadi mlango wake, mara nyingi ukirudi ulikotoka. Huko ndiko gemu inakaa hasa. Unaweza kumaliza bila hata moja, lakini mwisho wako utakuwa wa kufedhehesha. Helikopta ikishaondoka, Wario anabaki na taa ya jini. Anaomba ngome. Jini anasema sawa, leta pesa. (Jini anayetaka malipo kabla ya kazi. Sisi tungemwita fundi.) Hapo pesa na hazina zako zote zinahesabiwa, na kuna miisho 6. Ukiwa fukara kabisa unajengewa kibanda cha ndege. Ukiendelea kupanda ngazi unafika kwa ngome. Na ukiwa umekusanya kila kitu, unapewa sayari nzima yenye uso wa Wario.

Lakini rudi kwa sanamu, juu hapo ndipo watu wanaharakisha. Sanamu ilikuwa ya nani? Si ya Wario. Si ya Captain Syrup, yeye ndiye aliyeiiba. Ilikuwa ya Princess Toadstool, na ni sura yake mwenyewe! Mario alikuja kuirudisha kwa mwenyewe. Gemu imekuweka ndani ya viatu vya mtu wa pili kwenye mnyororo wa wizi, ukatoa jasho la kweli, na jasho likakufanya uhisi ni yako. Hiyo hisia naiona kila wakati makumbusho ya Ulaya yanapoambiwa yarudishe kitu. "Lakini tumekitunza vizuri miaka hii yote." Ndiyo, umetunza. Hata Wario aliwalipa maharamia kwa bega lake.

Hapa kwetu hii si mfano wa gemu. Mijikenda wa Pwani wana vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kumkumbuka mzee aliyekuwa wa chama cha Gohu. Kigango hakihamishwi. Hata familia ikihama, nguzo inabaki pale. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vikaanza kung'olewa usiku na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia Marekani. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka mingi ikapita, akiwa kwenye mkutano wa wasomi, akaonyeshwa picha ya kitu kilicho kwenye makumbusho moja ya Illinois. Akakitambua. Cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudi Kenya 2007. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yakarudisha vingine 30, lakini hivyo vya Denver ni vigumu zaidi, kwa sababu nguzo isiyo na picha haisemi ilitoka boma gani.

Angalia kilichoamua mwisho. Si nani alilia zaidi. Ni picha moja ya 1985.

Mwaka huo huo wa 2007, Mkenya anayeitwa Wesley Kirinya (jina ambalo huku Meru si geni hata kidogo) alitoa The Adventures of Nyangi, moja ya gemu za kwanza za 3D kutengenezwa sehemu hii ya Afrika. Nyangi ni mwanamke anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Watu wakamfananisha na Lara Croft na wakaishia hapo. Mimi naona tofauti kubwa: hazina anayoitafuta ni ya kwao. Baadaye, 2009, Kirinya na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha Leti Arts, wakaendelea na gemu na katuni za mashujaa wa Afrika. Hata hivyo ukiuliza vijana kumi kwenye kibanda cha PS hapa stage kama wanamjua Nyangi, utapata kumi wanaomjua Mbappé. Siwalaumu. Hakuna aliyewaonyesha.

Na kazi ya Nyangi bado ipo. Mradi wa International Inventories Programme, ambao Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalishiriki, ulikusanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyo kwenye taasisi za nje. Ulipata zaidi ya 32,000. Pitfall ilikuwa na 32! Kimojawapo ni ngadji, ngoma kubwa ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maafisa wa Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita. Iko British Museum, kwenye stoo. Si kwenye ukumbi ambapo mtalii angeiona, stoo. Wario angalau angeiweka sebuleni.

Kwa hivyo gemu ninayoitaka ni hii. Ya kuruka, ya 2D, ya kuchezeka kwa simu ya elfu nane. Unaanza ndani ya stoo Ulaya na unarudi nyumbani, kinyume na Harry. Kila hazina ina ufunguo, na ufunguo si chuma: ni picha, barua, jina la mzee, wimbo ambao cucu fulani bado anaukumbuka. Ukikosa ufunguo kitu kinarudi Nairobi lakini hakijui boma lake, huo ni mwisho wa chini. Ukiupata, kinafika mlangoni. Na kuna mwisho mmoja mbaya kuliko wote, ambapo umerudisha kila kitu halafu binamu yako anauza tena kwa mnunuzi aliyekuja na Probox. Usicheke. Huku kwetu wanapita wanaume wakiuliza viti vya miguu mitatu na vibuyu vya zamani, na kuna boma nyingi ambazo kile kiti cha mzee kilienda kwa bei ya debe la waru.

Hiyo picha ya 1985 ilihitaji mtafiti na kamera. Sai kila mtu kwa boma ana simu. Piga kiti, piga kibuyu, piga na cucu akiwa amekishika, andika jina na tarehe. Hiyo sehemu haihitaji kujua programu.

Wario Land yenyewe haina duka tena pa kuinunua rahisi. Ile ya Nintendo 3DS ilifungwa Machi 2023. Lakini ukikutana nayo, usianze na kutafuta sayari. Maliza kwanza bila hazina hata moja, pesa kidogo, upate kibanda cha ndege. Kisha cheza tena, na helikopta ikija, iangalie inaenda upande gani.