Siku puto la Jules Verne lilipopita Kaole

Nilikuwa kwenye daladala ya Makumbusho–Bagamoyo, simu mkononi, nikisoma riwaya ya kwanza ya Jules Verne kuchapishwa, ile ya wiki tano ndani ya puto. Mfaransa huyu aliitoa mwaka 1863 na ndiyo iliyompa jina. Daktari Fergusson, Mwingereza, anajaza puto lake gesi ya haidrojeni huko Zanzibar, anapanda na rafiki yake Kennedy na mtumishi Joe, wanavuka bahari kuja bara. Na kijiji wanachokipita wakishaingia Mrima ni kipi? Kaole! Nikarudia ukurasa. Ndiyo, Kaole hii hii ya magofu, kilomita chache tu kusini ya mji wa Bagamoyo. Wanakijiji wanatoka, wanapiga kelele kwa hasira na woga, wanarusha mishale, mishale haifiki. Basi, sehemu yetu imeishia hapo. Puto linasonga mbele.

Verne hakuwahi kufika huku. Alisoma habari za wasafiri, hasa za Burton na Speke walioanzia safari pwani hii mwaka 1857. Ukizisoma unaelewa puto lilikotoka. Ukiacha homa, kilio chao kikubwa ni watu: wapagazi wanaotoroka, watemi wanaodai hongo (enzi hizo ilikuwa ushuru wa kupita, siyo hii ya barabarani). Puto linafuta yote hayo kwa mkupuo. Halina mpagazi, halilipi hongo, halimwombi mtu njia. Mimi naona hiyo ndiyo ndoto yenyewe ya kitabu: kuivuka Afrika bila kumhitaji Mwafrika. Wakati huo Bagamoyo nzima iliishi kwa mgongo wa mpagazi.

Wakishuka Kazeh, yaani Tabora, wenyeji wanadhani puto ni mwezi na abiria wake ni watoto wa mwezi. Mwezi wa kweli unapochomoza, jamaa wanakimbia kuokoa roho zao. Verne anataka tucheke. Mimi sikucheka sana. Tabora ile ilikuwa mji wa biashara, watu wake wameshaona wageni wa kila rangi.

Lakini hakuwa mjinga. Angani huko huko anamfanya Fergusson atabiri kwamba Ulaya itachoka na zamu itakuwa ya Afrika, na Kennedy anamjibu kwamba mwishowe mashine zitawala binadamu waliozibuni. Mwaka 1863 hiyo!

Kilichokuja kweli kilikuwa treni. Wajerumani walihamishia makao Dar es Salaam mwaka 1891, wakaanza kujenga reli ya kati kutoka huko mwaka 1905, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mpagazi hakuhitajika tena, na Bagamoyo ikabaki pembeni ikitazama. Verne alikosea chombo, matokeo akayapata.

Na kuruka nako kukafika. Mwaka 2016, Zanzibar ile ile alikopandia Fergusson, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kurusha droni kuchora ramani ya Unguja na Pemba. Hilo Verne hakuliwaza kabisa, kwamba chombo kingerushwa na wa huku chini.

Nilipofika Kaole palikuwa na maharusi wanapigwa picha kwenye magofu, na droni inanguruma juu yao. Watoto wanaikimbiza, mmoja kashika kijiti analenga kama bunduki. Mrushaji ni kijana wa Bagamoyo, kofia nyuma-mbele, ana wasiwasi na betri kuliko upepo.

"Bro, sogea kidogo, umeingia kwenye fremu," akaniambia.

Nikasogea. Baadaye akanionyesha kwenye skrini: msikiti usio na paa, makaburi, mikoko, bahari iliyojitenga mbali kidogo. Na pembeni kabisa nukta moja ndogo, shati jeupe, imeinua kichwa juu.

"Huyo wewe," akasema. "Nikufute?"

Nikamwambia aache.